Ukurasa wa Kadija

Kosa ni langu, na nalisema mapema msije mkamtupia mtu mwingine. Mimi ndiye niliyekaa barazani Wiyoni baada ya Alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, watu wakimsikitikia Bwana Muhdhar kwa upweke wake tangu afiwe na mkewe, nikasema: "Huruma yenu ya bure. Mgane gani yule? Wanawake wa mui huu wote anao ndani ya kompyuta, vichwa wazi, na kila mmoja kamwekea ukurasa wake!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mzaha wangu hunichekesha mimi kabla ya wenzangu. Kisha nikaona mmoja ameacha kucheka, anaangalia kikombe chake. Akaacha na wa pili. Hapo nikajua nimetema kitu kisichomezeka tena. Kabla ya Isha maneno yale yalikuwa yameshapita majikoni, yametiwa chumvi na tui, na mke wangu Hadil akanipokea mlangoni kwa swali moja tu: "Bakr, umesema nini?"

Na nilichokiona kwa Muhdhar wala hakikuwa hivyo. Ngojeni niwaeleze kilivyokuwa. Ya ndani kanieleza mwenyewe baadaye, na palipobaki mwanya nimeziba kwa nimjuavyo.

Muhdhar ni mpiga picha. Alisomea mitambo Mombasa, akapata diploma yake, akarudi Amu akafungua studio. Simu za kamera zilipoingia, ile studio ikaliwa taratibu kama boriti yenye mchwa, mwisho akabaki na harusi. Na harusi za kwetu zina pande mbili. Upande wa waume ulikuwa wake Muhdhar: nikaha, maulidi, wazee wakigombea sinia la pilau huku wakijidai hawana njaa. Upande wa wake, siku bibi harusi anapotolewa, wanawake wamevua mabuibui, nywele zimefumwa asumini, simu zote hukusanywa mlangoni zikatiwa kapuni. Kamera inayoingia ni moja. Kamera hiyo ilikuwa ya Kadija, mke wa Muhdhar.

Kadija alikuwa na sifa iliyoishinda thamani kamera yenyewe: hana mdomo. Akiona, ameona. Akitoka, ametoka. Kuna nyumba mbili hapa hazisemezani mwaka wa ngapi sijui, lakini zote mbili zilimwita Kadija.

Kompyuta nyumbani ilikuwa moja. Waume walikaa folda yao, wake yao, na hapakuwa na kufuli lolote ila heshima. Kadija akiwa na kazi yake, meza huigeuza, kioo kikatazama ukuta, na pazia la chumba likashushwa. Muhdhar humletea chai, husimama nje ya pazia, hukohoa na kusema: "Hodi. Mato yangu yako nje." Yaani macho yake hayaingii ndani. Mkono wa Kadija hutoka ukachukua kikombe. Mara nyingine pazia husahauliwa nusu, naye humwona mkewe kwa upande: uso wake ukimulikwa na kioo, mara wekundu, mara kijani, mara rangi ya dhahabu, akicheka peke yake.

"Wacheka nini?"

"Si yako."

Hilo ndilo lilikuwa jibu la miaka yote. Si yako. Naye hakuchukia, maana lilisemwa kwa namna ya kumpa mtu kitu, si ya kumnyima.

Sukari ikamchukua Kadija mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Mtoto wao ni mmoja, Huwaida, muuguzi huko Maskati, ameolewa huko na kazi iko huko. Hakuwahi maziko. Kwetu maiti haingoji ndege. Alikuja baada ya arubaini, akakaa siku chache, akafua kila nguo ya babake hata zilizokuwa safi, akarudi.

Muhdhar akabaki na nyumba na kompyuta. Watu wakawa wanamjia: nitafutie picha ya marehemu baba, nitafutie ile tuliyopiga na ami kabla hajapotea baharini. Naye hapati kitu. Diski ilikuwa kama jiko asubuhi ya baada ya harusi. Sufuria iko, mfuniko wake umo chumba cha wageni. Kadija ndiye aliyekuwa akijua kila kitu kiko wapi, na folda alizipa majina kwa akili yake mwenyewe: YA_PILAU_KUUNGUA. YA_MKWE_KUZIRAI. YA_VIATU_KUIBIWA. YA_MVUA. Nani alizirai, nani aliibiwa, alikwenda nayo.

Ndipo Muhdhar akatafuta dawa yake. Siku nilipokwenda kupiga picha ya pasipoti nilimkuta anatabasamu mbele ya kioo, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu matanga.

"Hii ni wiki," akaniambia.

"Wiki nnaijua, ina siku saba. Hiyo yako ina ngapi?"

"Hii haina siku. Ndoo uone, uwate upuzi."

Ni programu aliyoishusha mara moja tu akaisimika ndani ya kompyuta yake, na mtandao haiuhitaji. Ukiitazama ni kama kitabu unachojiandikia, ila kila jina ukilibonyeza linakupeleka kwenye ukurasa wa jina hilo, na kila ukurasa unakwambia picha ziko folda gani. Jina lenye ukurasa hutoka buluu. Jina ulilolitaja lakini hujalifanyia ukurasa hutoka jekundu, likikungoja. Na chini ya kila ukurasa inakuonyesha kurasa zote zinazomtaja mtu huyo. Akanibonyezea jina la Yunusi, yule wa mtaa wa juu. Ikamwagika orodha mpaka mwisho wa kioo.

"Zote hizi kahudhuria?"

"Na nusu yake hakualikwa. Kamera haimsitiri mtu. Yunusi ana harusi nyingi kuliko kadhi."

Tukacheka sana. Kisha nikaona kwa pembeni: Upande wa Wake. Akaniwekea mkono mbele ya kioo kwanza, akasema hakuna picha pale, ni majina tu. Zile folda za Kadija hakufungua hata moja. Alichofanya ni kutazama tarehe ya nje ya folda, akailinganisha na harusi yake ya upande wa waume ya tarehe hiyo hiyo, akajua ni ya nani. Akaandika ukurasa: YA_MVUA. Harusi ya Bi Saadiya, Pate. Mpiga picha: Kadija. Ukurasa mwingine: YA_VIATU_KUIBIWA. Harusi ya Rawiya. Mpiga picha: Kadija. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na kila mahali lile jina la mwisho lilikuwa jekundu.

"Na huyu Kadija mbona mwekundu?"

"Sijamwandika."

"Kwa nini?"

Akaizima kompyuta kwanza, kama kwamba ingesikia. "Kila ukurasa nimeanza na picha, Bakr. Picha yake sina."

Mfinyanzi hulia gaeni, mwajua. Mtu aliyempiga picha kila mwanamume wa kisiwa, mwenyewe hakuwa na picha ya mkewe. Walipooana hakuwa na hata kamera. Baadaye kila akimlenga, Kadija hugeuka: "Kazi yangu ni nyuma ya kamera." Iliyobaki ni ile ya kitambulisho, amekunja uso kama aliyeambiwa mbuzi wake kala nguo za jirani.

Basi hicho ndicho nilichokiona. Na mimi kikanipita moyoni, nikatoka na mzaha.

Siku ya pili ya ule mzaha wangu walikuja kwa Muhdhar wawili. Bi Rumaisa, mpambaji wa maharusi, mama mtu mzima ambaye hata imamu humwahi kwa salamu. Na nyuma yake Saadiya, yule wa Pate, wa harusi ya mvua, ambaye sasa ni jirani yetu. Muhdhar akawatandikia mkeka barazani kwake, akaacha mlango wazi, akakaa mbali kidogo.

"Karibuni. Starehe, Bi Rumaisa?"

"Starehe tumeiwata nyumbani, Bwana Muhdhar. Yasemwayo ni kweli?"

"Yasemwayo na Bakr?"

"Yalikuwa ya Bakr yana. Leo ni ya mui mzima."

"Picha zipo," Muhdhar akasema. "Lakini wallahi sijafungua hata moya."

"Nakuamini. Ningekuwa sikuamini nisingekalia mkeka wako." Bi Rumaisa akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Lakini amana ile alipewa Kadija, hukupewa wewe. Kadija yuko kwa Mola wake. Leo una heshima zako. Kesho na wewe ukiitwa, hiyo kompyuta ataichukua nani? Iende ikauzwe sokoni na sisi tumo ndani, twacheza?"

 Hilo Muhdhar alikuwa ameliwaza mwenyewe, akaliahirisha kama mtu anavyoahirisha jino.

"Kila mwenye harusi alipewa yake kwenye flashi," Bi Rumaisa akaendelea. "Hizo ni za akiba, na mwenye kuiweka akiba hayupo. Zifute."

"Nitazifuta. Haki yenu." Akavuta pumzi. "Ila nna ombi, Bi Rumaisa. Mle ndani Kadija atakuwemo. Hazikosi picha mbili tatu ambazo wenziwe walimpiga. Mimi sina hata moya. Aketi mwanamke yeyote mnayemtaka, anitolee Kadija peke yake, yaliyobaki yaende."

"Mwanamke gani?" Bi Rumaisa akauliza, na hakuuliza kwa ukali. "Mimi? Mna wasichana mle walioachika, mna waliokufa, mna waliovaa dhahabu ya kuazima wakasema ya kwao. Nani ataridhia nimtazame nikiwa nimetulia, na miwani yangu? Au Saadiya amtazame? Hakuna hapa ambaye wenziwe wote watamridhia. Alikuwa Kadija tu."

"Na Huwaida," Saadiya akasema.

Wakamgeukia.

"Huwaida alikuwa akimbebea mamake taa. Hakuna siri ambayo hakuiona, na hakuna aliyoitoa. Tena ndiye aliyekuwa akishikishwa kamera, Kadija akiingia kucheza."

Muhdhar akadhani hakusikia vizuri. "Akiingia kucheza nani?"

"Kadija."

"Kadija hakuwa akicheza," akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni aliyepotea mtaa. "Hata kichwa hakuwa akitikisa redio ikiimba."

Wale wanawake wawili wakatazamana kidogo.

"Bwana Muhdhar," Saadiya akasema, "Kadija akishuka uwanjani, sisi tuliobaki tulikuwa twaketi chini."

 Punda mmoja akapita na mawe ya matumbawe, mwenyewe akimtukana mama yake punda. Bi Rumaisa akainuka kwa kujishika ukuta.

"Akija Huwaida, tumeridhika sote. Lakini Shaaban ikiandama harusi zaanza, na hakuna atakayeingia ukumbini moyo umetulia. Huwaida awe kaja, hajaja, mimi nakuja na nasimama hapa mpaka zifutike."

Usiku uleule Muhdhar hakufanya kitu. Asubuhi alimtumia Huwaida sauti kwenye simu, akaongea mpaka chai ikapoa, akamweleza yote: mzaha wangu, Bi Rumaisa, Shaaban. Jibu likaja jioni, la maandishi: "Baba likizo hawanipi kabla ya Idi. Nitumie hizo picha nichague nikiwa huku."

Akamjibu: "Haziwezi kusafiri mwanangu. Mamako hakuzikanyagisha mtandao hata siku moja. Zikitoka ndani ya kompyuta hii hazina mlinzi."

"Basi sijui Baba."

Hakumlazimisha. Lakini hakuacha kumngojea. Hapo ndipo nilipomuona amekuwa mtu wa kutia huruma. Alitengeneza panka la chumba cha Huwaida. Akaigeuza meza ya kompyuta ikatazama ukuta, vile ilivyokuwa zamani, akashona pindo la pazia kwa mkono wake, mshono umekwenda kama njia ya kaa. Alizoea kukohoa kabla ya kuingia chumba kile, basi akawa anakohoa bado. Anasimama nje ya pazia, chumba hakina mtu, anasema: "Hodi. Mato yangu yako nje." Kisha anangoja kidogo, anaingia.

Barazani hakuja tena. Na watu, nisiseme uongo, hawakumwita. Akipita mazungumzo yalikuwa yakigeuka ghafla kuwa bei ya samaki. Kijana mmoja aliyekuwa ameagiza picha za nikaha yake akatuma ujumbe kuwa amepata mtu wa Malindi. Msikiti alibadilisha, akawa anaswali kule mwisho wa mtaa ambako hajuani na watu vizuri. Nilikwenda kumuomba radhi. Nilibeba mkate wa mofa na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Akanifungulia, akapokea mkate.

"Ulimi wako, Bakr," akasema, "ungekuwa kamera, usingenunuliwa hata kwa vipuri."

Nikacheka kwa kushukuru. Yeye pia akatabasamu, lakini hakunikaribisha kukaa.

Kilichomkaa kichwani ni lile la kucheza. Angeambiwa mkewe alikuwa na shamba la siri Mpeketoni asingeshangaa vile. Alimjua Kadija kwa hatua za usiku, kwa kikohozi, kwa namna anavyokuna nazi akiwa na hasira na anavyoikuna akiwa radhi. Na kumbe kulikuwa na Kadija mwingine, mwenye miguu ambayo nusu ya mji imeiona, na yeye peke yake, mwenye haki ya kuiona, hakuiona. Sasa zile rangi zilizokuwa zikipita usoni mwake akazikumbuka upya. Alikuwa akijitazama. Pengine wakati ule wote, akisema si yako, alikuwa akijitazama anacheza.

Basi siku moja baada ya Adhuhuri, joto limelaza watu na paka, akakaa mbele ya kioo. Wiki akaifungua. Akabonyeza YA_MVUA. Ukurasa ukaja: harusi ya Bi Saadiya, Pate. Chini yake pameandikwa folda ilipo. Kubonyeza mara moja tu. Nani atajua? Tena akajitafutia fatwa yake mwenyewe: nitazifanya picha ziwe ndogo, ndogo kama punje za mtama, nyuso zisionekane. Kadija nitamjua kwa kusimama kwake. Nikimjua nitawafumbia macho wengine.

Akapunguza picha mpaka mwisho wa kupungua. Akabonyeza.

Ile kompyuta ni kongwe, mwaijua aina yake, ikifungua folda kubwa hufikiri kwanza kama mzee aliyeulizwa umri. Kioo kikawa cheusi kikingoja. Na ndani ya ule weusi Muhdhar akaona uso: mtu mzima, miwani imeteremka puani, shingo imetoka mbele, anachungulia. Ilimchukua muda kumtambua. Alikuwa ni yeye.

Pembeni, mraba wa kwanza ukaanza kuingia rangi.

Akaushika waya ukutani akaung'oa.

Alikaa pale na waya mkononi mpaka Alasiri ikaadhiniwa. Kisha akamtumia Huwaida sauti nyingine, na mara hii hakupanga maneno. "Mwanangu, njoo. Siyawezi peke yangu haya. Njoo unitolee mamako."

Huwaida hakuandika. Alijibu kwa sauti, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa mitambo ya hospitali. "Baba, likizo ningeipata. Nimekudanganya. Mimi sikumuosha Mama. Sikumzika. Huku nilipo bado yuko Amu, amebeba kamera yake, yuko harusini, ndiyo maana hapokei simu. Ukinikalisha mbele ya picha zile atakuwa amekufa kweli. Usinilazimishe kumfungua, Baba. Nakuomba."

Akaisikiliza mara moja. Hakuisikiliza tena.

Shaaban ikaandama. Bi Rumaisa akaja na Saadiya kama alivyosema, na Muhdhar akawawekea viti viwili nyuma yake, upande ambao kioo wanakiona.

"Fungueni mato muone," akasema. "Sifungui picha. Nafuta folda kwa jina."

Akaanza, akisoma kwa sauti ili wasikie. "Ya pilau kuungua."

"Ya kina Abdulwahid hiyo!" Bi Rumaisa akasema. "Tulikula wali umekuwa makaa, na mama mtu aapa eti ni bizari."

"Ya viatu kuibiwa."

"Rawiya! Akarudi kwao na kandambili za msikitini." Wakacheka wote watatu, na Muhdhar akacheka nao, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama kuna harusi. Jina moja, kicheko. Jina jingine, jina la marehemu na rehema zake. Kisha akafika.

"Ya mvua."

Saadiya akashtuka kitini. "Ngoja kidogo."

Muhdhar akaondoa mkono.

"Hii ndiyo," Saadiya akasema. "Paa lilivuja, ngoma ikaloa, wapigaji wakataka kuondoka. Yeye ndiye aliyeinuka..." Akakatiza.

"Alichezaje?" Muhdhar akauliza bila kugeuka. "Bi Saadiya, sitaki kuona. Nieleze tu kwa mdomo. Alichezaje?"

Saadiya akafungua kinywa. Bi Rumaisa akamgusa goti.

"Ya ndani ni ya ndani, Bwana Muhdhar," akasema. "Tukiyaanza kuyasimulia kwa waume, hata yale unayoyafuta hayatakuwa na maana."

"Hata mimi, mumewe?"

"Mumewe," Bi Rumaisa akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, ndiyo iliyozidi kuuma, "alikuwa na mdomo wa kumuuliza akiwa hai."

Muhdhar akatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza. Ikauliza, kama zinavyouliza mashine, una hakika? Akaiambia ana hakika.

Walipoondoka, Bi Rumaisa alimuachia sahani ya visheti ikiwa imefunikwa kitambaa. Alimuombea dua ndefu mlangoni. Saadiya aligeuka mara moja njiani, kisha akajifunika uso akaendelea.

Wiki bado ipo. Kurasa za upande wa wake hakuzifuta, maana ni majina matupu na Bi Rumaisa aliyaridhia. Ukibonyeza njia ya folda inakwambia hakuna kitu mahali hapo. Lakini Mpiga picha: Kadija, bado iko chini ya kila ukurasa, nyekundu, kurasa zote zikielekea kwake na yeye hayupo.

Juzi nilimpelekea samaki. Tangu wale wanawake wamsafishe jina, watu wamerudi kumsalimia, na hata Yunusi keshaanza kumuuliza harusi ya nani inafuata. Barazani hata hivyo hajarudi. Nilimkuta amekaa kule kwenye meza iliyotazama ukuta. Nikakohoa, naye akageuka upesi mno, kisha akaona ni mimi.

"Nimembonyeza," akaniambia.

Wiki ilikuwa imemuuliza: ukurasa huu haupo, je, uanzishwe? Akakubali. Juu kabisa, pale anapoweka picha, amepaacha wazi. Chini yake ameandika: Kadija binti Nabhan. Mpiga picha wa upande wa wake. Alikuwa akicheza. Na hapo ndipo alipoishia.

Akanipa simu nisome alichomwandikia Huwaida, eti nimwangalizie kama kuna maneno ya kumuudhi. Sikuona la kuudhi, akautuma. Ujumbe umefika, na alama zake zimegeuka buluu, kwa hiyo umesomwa. Mara moja ilionekana kama mtu anaandika kule, ikaacha. Jana nilimuuliza, na leo tena, akawa ananiinulia mabega tu. Mpaka naeleza haya haujajibiwa.

Ulikuwa hivi: "Mwanangu, usije. Picha zimekwenda, sikulaumu. Wewe ulishika kamera, kwa hiyo ulimwona vizuri kuliko wote. Hata mstari mmoja unanitosha, niumalizie ukurasa wake. Mamako akiingia uwanjani, alikuwa akianza na mguu upi?"